Mgeuze Kwanza, Uso Baadaye

Mhadhara uliotolewa kwa wazungumzaji wa Kiswahili wa Chicago na vitongoji vyake, katika ukumbi wa maktaba ya mtaa

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni. Naona na watoto wamekuja. Karibuni mkae huku mbele, ila vilivyo juu ya meza hii msiviguse kwanza. Zamu yenu inakuja.

Niliposema nitazungumzia midoli ya zamani, kuna mama mmoja wa Lubumbashi alinicheka kwenye simu. "Yaya, mutu mukubwa na poupée?" Nikamwambia njoo usikie. Amekuja, yule pale anaficha uso. (Kicheko.)

Wengine mnasema mwanasesere, wengine bandia. Mimi nitasema mdoli, maana ndivyo tulivyosema kwetu Kisarawe. Mdoli wangu wa kwanza alikuwa gunzi la mahindi. Nywele zake zilikuwa ndevu za hindi, nguo yake kipande cha kanga ya bibi iliyokwisha. Alidumu siku tatu, siku ya nne mbuzi akamla. Kwa hiyo msidhani nilikulia kwenye makabati ya vioo.

Haya mambo nimeyajulia hapa Illinois, St. Charles, magharibi ya Chicago. Pale kwenye viwanja vya maonyesho vya Kane County huwa na soko la wakusanyaji wa vitu vya kuchezea vya zamani. Nilipelekwa mara ya kwanza na jirani anayetafuta treni za kuchezea za Lionel. Yeye akapotelea kwenye reli zake, mimi nikabaki nazurura. Ni mabanda makubwa, yale ambayo majira mengine hufungiwa ng'ombe wa mashindano, na meza zimepangwa bega kwa bega hadi nje kwenye nyasi. Magari ya bati ya Kijapani, roboti, askari wa madini ya risasi, dubu wa kampuni ya Steiff mwenye kifungo sikioni. Anayetaka kuingia alfajiri hulipa kiingilio cha juu, na wanaolipa hicho aghalabu ni wachuuzi wenyewe, wananunuliana kabla sisi hatujanywa chai. Ukifika saa nne usijidanganye kwamba umewahi.

Meza za midoli ndizo zilizonikamata. Nilinunua mmoja siku ile kwa sababu uso wake ulinitazama vizuri. Dola 60. Nyumbani nikamvua kofia na wigi, nikakuta ufa umekata fuvu toka paji hadi utosini, umejazwa gundi ukapakwa rangi. Muuzaji hakunidanganya kwa neno hata moja, sikumuuliza. Wigi ndiyo iliyodanganya.

Basi tangu siku ile mdoli simtazami usoni. Namgeuza kwanza.

Kisogoni ndipo penye cheti cha kuzaliwa. Ile midoli ya kaure isiyong'arishwa, yenye mashavu kama ngozi ya mtu kweli, mingi ilitoka Thuringia, Ujerumani, na chini ya nywele utakuta herufi na namba za kalibu, lile umbo la kufinyangia kichwa. Ukikuta jina la kiwanda, "Armand Marseille", na 390, umekutana na ndugu wa ukoo mkubwa sana: kalibu ile ilitumika miaka mingi na wamejaa kila meza. Usikubali kuambiwa adimu. Tazama tena kama pameandikwa "Germany". Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, iliyoanza kutumika 1891, ilitaka kila bidhaa inayoingia nchini iandikwe ilikotoka. Yaani karani wa forodha, bila kujua, aliwaachia wakusanyaji kalenda.

Kisha tochi. Hii hapa, ndogo kama kalamu. Unaomba ruhusa, unainua wigi, unaingiza mwanga ndani ya kichwa, unazima macho yako kwa mambo mengine yote. Kaure nzima inawaka sawasawa kama taa ya karatasi. Penye ufa patakuwa na mstari mweusi, hata kama nje pamepakwa rangi pakapendeza. Muuzaji mwema atakushikia mwenyewe. Akianza kusema "ah, kichwa kizima hicho, niamini," mrudishie mdoli kwa mikono miwili umshukuru.

Baada ya kaure ikaja midoli ya unga wa mbao uliokandwa na gundi. Ile ya Shirley Temple, mtoto nyota wa sinema, ya kampuni ya Ideal, ya 1934, ni ya namna hiyo. Hiyo adui yake ni dari za nyumba: joto, baridi, unyevu, na rangi inapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Mimi nyufa ndogo haziniudhi, mzee lazima awe na makunyanzi. Ila anayesema mdoli wake wa miaka 90 hana hata mmoja, muulize nani kampaka rangi na lini.

Seluloidi, ile plastiki ya zamani, nataka niseme kidogo zaidi, kwa sababu ya harufu. Ni nyepesi kama ganda la yai, na Wajerumani wenye alama ya kobe waliifanyia kazi nzuri mno. Ili uijue, isugue kwa kidole gumba hadi ipate joto, uinuse. Ni kafuri. Kafuri kweli, ndiyo kiungo chake kimojawapo. Wenzangu wa pwani mnajua kafuri tunaisikia siku gani. Nilipoinusa mara ya kwanza, nimeshika kitoto chenye tabasamu mkononi katikati ya kelele za soko, nilijikuta niko Kisarawe kwenye chumba walichomlaza bibi. Nikamrudisha mezani. Hadi leo sinunui seluloidi, na sababu ninayowapa watu ni kwamba inashika moto upesi. Inashika kweli, iwekeni mbali na mishumaa. Lakini sababu yangu siyo hiyo.

Barbie nitampitia haraka, ana wasemaji wengi. Alionyeshwa New York tarehe 9 Machi 1959, akauzwa dola 3, na wale wa kwanza kabisa, waliotengenezwa Japani, wana matundu nyayoni ya kuingizia stendi. Mtego wake ni mmoja, na kila soko ninaona mtu ananaswa. Kiunoni nyuma ameandikwa 1966, mtu anapiga kelele, "Wa mwaka '66!" Siyo. Ule ni mwaka wa hakimiliki ya umbo la mwili, na uliendelea kuchapwa kwenye Barbie waliozaliwa miongo baadaye. Kama kuandika mwaka wa ndoa ya babu kwenye cheti cha mjukuu. Halafu tazama masikio: vipini vya hereni za zamani vilikuwa na shaba, na shaba huacha kutu ya kijani iliyozama kwenye plastiki. Ukimwona Barbie wa zamani amefunikwa masikio kwa nywele vizuri mno, zisogeze.

Sasa nimefika nilipotaka kufika. Ukishamgeuza kisogo, mgeuze ubavu.

Ubavuni ndipo nilipojifunza kumtambua mdoli Mweusi wa kweli na mdoli mweupe aliyetiwa rangi. Kwa miaka mingi viwanda vilichukua kalibu ileile, pua ileile, midomo ileile, wakabadilisha plastiki tu. Mattel wenyewe, watengenezaji wa Barbie, mwaka 1967 walimtoa mdoli Francie wa kahawia kwa kichwa cha Francie mweupe, na hakuuzika. Kulikuwa na waliojaribu mapema zaidi. Mwaka 1951 Ideal walitoa mdoli aitwaye Saralee, aliyeanzia kwenye picha ambazo mama mmoja wa Florida, Sara Lee Creech, aliwapiga watoto Weusi, ili sura ifuate watoto wenyewe. Eleanor Roosevelt, mjane wa Rais Roosevelt, alikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono. Lakini hakukaa sokoni muda mrefu.

Na msiseme ni mchezo tu. Kenneth na Mamie Clark, mume na mke, wote wanasaikolojia, katika miaka ya 1940 waliwawekea watoto Weusi midoli iliyofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, wakauliza: yupi mzuri, yupi mbaya, yupi amefanana nawe? Wengi waliuchagua mweupe kuwa mzuri. Baadhi walipofika swali la mwisho walilia. Mahakama ya Juu ilipopiga marufuku shule za ubaguzi mwaka 1954, utafiti huo ulitajwa kwenye hukumu.

Mwaka wangu wa pili kule St. Charles, chini ya meza, kwenye boksi la "chagua mwenyewe", nilimwona mtoto wa plastiki ya kahawia. Nikamgeuza ubavu: pua yake, mdomo wake, paji lake, ni watoto wa kwetu. Nikamgeuza kisogo, nikasoma, nikarudia kusoma. Shindana.

Nikamuuliza muuzaji, mzungu mtu mzima. Akasema, "Hiyo ni Shindeina, kampuni ya zamani ya Los Angeles." Nikamwambia, babu, hilo neno ni langu.

Nisikilizeni basi. Mwaka 1965 mtaa wa Watts, Los Angeles, uliwaka moto wa ghasia. Baada yake Louis Smith na Robert Hall wakaanzisha Operation Bootstrap, kuwafundisha vijana wa pale kazi, na mwaka 1968 ndani yake kikazaliwa kiwanda cha midoli, Shindana Toys. Mattel waliwasaidia kwa fedha na utaalamu. Mdoli wao wa kwanza ndiye huyu, Baby Nancy. Mwaka huohuo, kabla ya Krismasi, alikuwa tayari anauzwa nchi nzima. Wakafuata wenzake, na majina yao yasikieni: Malaika. Tamu. Zuri.

Kwa nini Kiswahili? Jiji lilelile la Los Angeles, mwaka 1966, Maulana Karenga alikuwa ameanzisha Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi, na watu Weusi wa Marekani walikuwa wanatafuta lugha ya Afrika isiyo ya kabila moja. Wakatuchukua sisi. Hawakuomba, na nani angewanyima?

Mwalimu wa sarufi yuko hapa, naona amekunja uso tangu nilipotaja Zuri. (Kicheko.) Ni kweli, mtoto huwa mzuri. Zuri bila kiambishi ni kivumishi kilichotoka bafuni bila taulo. Lakini nimemtetea: labda walikusudia toto zuri. Mtazameni mashavu yale, ni toto kabisa.

Shindana, hata hivyo, walilenga. Wangeweza kuchukua "shinda" wakatosheka. Waliweka na ile "-ana" yetu, ambayo haikubali mtu mmoja. Huwezi kupigana peke yako, huwezi kupendana peke yako. Kiwanda cha vijana wa Watts kikajipa jina ambalo ndani yake yupo na yule wa upande wa pili, yule mwenye kalibu moja na rangi mbili. Wamarekani wanaandika kwamba maana yake ni "mshindani", basi. Wanaipita ile "-ana" kama hawakuiona.

Kiwanda kilifungwa 1983. Mwaka huohuo, London, Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika Mashariki akizungumza Kiswahili, alianza kuuza vibao vyake vya mbao vya kupanga mnara, Jenga. Mnavyo wote nyumbani. Mwaka 2020 jumba la heshima la vitu vya kuchezea, kule Rochester, New York, lilipokea vitu vitatu: chaki za kuchorea barabarani, Jenga, na Baby Nancy. Viwili kati ya vitatu vina mkono wa Kiswahili, na sikusikia hata sherehe moja ya chai ya jumuiya hii. Mimi mwenyewe nilijua baada ya miezi.

Kuna jambo moja sikuwa nimepanga kulisema. Mwaka jana, katika lundo la Barbie wasio na viatu, nilikuta kipande cha mti, kiwiliwili kama mchi mfupi, kichwani mashungi mawili. Kimebandikwa karatasi: "mdoli wa Kiafrika, dola 45." Wazaramo wenzangu, mmeshajua. Mwana hiti. Mwali akiwa ndani hupewa, humwogesha, humpaka mafuta, humtengeneza nywele kama mtoto wake. Si kitu cha kuchezea, na huyu alikuwa amelainika kifuani kwa mikono ya watu, au kwa mikono ya fundi anayejua kughushi mikono ya watu. Nilimgeuza. Hana alama kisogoni, nani angemwandika? Tochi yangu haikunisaidia kitu. Sikumnunua, na sikumweleza muuzaji. Niliporudi baada ya nusu saa hakuwepo, na bado sijui kama nilirudi kumnunua au kumwangalia tu.

Haya, watoto, meza ni yenu sasa. Mkono mmoja chini ya kichwa, mwingine chini ya makalio, kama mnavyombeba mdogo wenu. Nywele msivute. Tochi ziko mbili, pokezaneni. Na wewe mama wa Lubumbashi njoo mbele, Nancy nimekuwekea wewe umshike wa kwanza.