Heshima ya Kuwa Mja wa Mwenyezi Mungu

Ndugu zangu katika imani, assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwanzoni mwa Suratul Israa, Mwenyezi Mungu anapotaja safari ya usiku kutoka Msikiti Mtukufu wa Makka hadi Msikiti wa Aqsa, hamtaji Muhammad (S.A.W.) kwa jina, wala hamwiti nabii, bali anasema kwamba ametakasika Yule aliyempeleka mja wake, yaani mtumwa wake. Ndivyo alivyoitwa pia katika Suratun Najm, aya ya 10, panapotajwa wahyi alioletewa, na katika Suratul Jinn, aya ya 19, aliposimama kumwomba Mola wake. Naye mwenyewe, katika hadithi ya Umar iliyopokewa na Bukhari, aliwakataza watu wasimsifu kupita kiasi, akawataka waseme: mja wa Mwenyezi Mungu na Mtume wake.

Katika mwambao wetu, ambako soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 tu, wapo wanaouliza, na swali lao ni la haki, mtu anawezaje kuona fahari kumilikiwa. Jibu limo katika Suratudh Dhariyat. Baada ya kusema kwamba hakuwaumba majini na watu ila wamwabudu, Mwenyezi Mungu anaongeza papo hapo kwamba hataki kwao riziki, wala hataki wamlishe. Binadamu humtia mwenzake utumwani kwa kuwa anahitaji jasho lake, ilhali Mola hahitaji chochote, na manufaa ya ibada yote humrudia anayeabudu.

Tofauti hiyo aliionja Bilal bin Rabah, mtumwa aliyesilimu, ambaye bwana wake Umayya bin Khalaf alikuwa akimlaza juu ya mchanga wa Makka wakati wa jua kali na kuamuru awekewe jiwe kubwa kifuani ili aikane dini yake, naye akawa hana jibu ila "Ahad, Ahad", yaani Mungu ni Mmoja. Wasimulizi wengi hulipita haraka jambo ambalo mimi naliona ndilo kiini cha kisa hiki: alipokuwa akitamka hayo, Abu Bakr alikuwa bado hajamkomboa, na kwa desturi ya Makureshi alikuwa angali mali ya Umayya. Mwili wake ulikuwa mikononi mwa bwana yule, lakini utiifu wa moyo, ambao hasa ndio Umayya alioutaka, ulikuwa umekwisha kupata mwenyewe.

Makka ilipofunguliwa, mwaka wa 8 Hijria, Mtume alimwamuru Bilal apande juu ya Al-Kaaba aadhini, na baadhi ya wakubwa wa Makureshi wakachukizwa kumwona pale. Umar, Mkureshi wa nasaba isiyotiliwa shaka, alikuwa akisema: "Abu Bakr ni bwana wetu, na alimwacha huru bwana wetu," akimkusudia Bilal.