Kabla Hujamlipa Mkufunzi, Mpandishe Jukwaani

Asalaam aleikum, wazee wetu, mafundi, wakandarasi, na nyinyi kina mama ambao waume na wana wenu wako mjengoni. Ahsanteni kwa kuja. Wengi mmetoka kazini moja kwa moja, chokaa naiona bado mikononi.

Nimeitwa niseme ni mafunzo gani ya usalama mkandarasi wa hapa Lamu awachagulie watu wake. Kwamba lazima awafunze, hilo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 imeshalimaliza, sitalirudia. Langu mimi ni lile lile ambalo baadhi yenu mmelisikia hadi mmechoka: chagua mafunzo yanayoanzia kwenye hatari ya kazi yako wewe. Nitaanza na mkanda.

Nilikuwa nyapara wa nyumba moja ya zamani, hapa hapa Mji wa Kale. Tajiri, kwa nia njema kabisa, akatupeleka mafunzo ya siku moja. Ukumbi una kiyoyozi, ukutani picha za kreni na majengo ya vyuma. Tukafundishwa kuvaa mkanda wa usalama, ule wa mabegani na mapajani, tukaulizwa maswali, tukapewa vyeti. Siku chache baadaye kijana mmoja, saidia fundi, akapanda ukutani, mita tatu na nusu hivi kutoka chini. Mkanda ameuvaa barabara. Kamba ameinasa kwenye boriti, usawa wa miguu yake. Akateleza. Boriti ikashika, kamba haikukatika, na kijana akafika chini vilevile. Mguu ukavunjika.

Hebu tupige hesabu pamoja. Kamba ile ni karibu mita 1.8. Ina kipande kilichokunjwa ambacho hufumuka ili kupunguza kishindo, nacho chaweza kuongeza mita moja nzima. Kutoka mgongoni, pale kamba inaposhika, hadi nyayoni, weka mita moja na nusu. Hizo ni mita 4.3 chini ya mahali aliponasa, na bado hujaweka nafasi ya tahadhari. Yeye alikuwa na mita tatu na nusu! Mkanda haukuwa na kosa, na kijana alifanya alivyofundishwa. Aliyemfundisha hakuuliza hata mara moja: nyinyi mnafanya kazi kwa kimo gani, na mnanasa wapi?

Mimi swali hilo limenikaa moyoni miaka yote hii, kwa sababu nyapara nilikuwa mimi, na mimi pia sikuliuliza.

Kijana yule alihitaji kufundishwa jukwaa, yaani zile boriti na mbao tunazozifunga ukutani ili tusimame tukijenga juu. Mbao za kukanyagia zijae upana wote, zisiwe mbili tu zinazocheza. Pembeni kuwe na kizuizi cha kiunoni na kingine cha magotini. Boriti igongwe na ikaguliwe kama imepasuka au imeliwa na wadudu, na kamba ya kufungia jukwaa iangaliwe kila asubuhi, maana jua na hewa ya chumvi haviiachi. Na kwa kuwa kuta zetu ni za matumbawe na chokaa, na mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, hutoboi ukuta ovyo ili kushikiza jukwaa. Basi lisimame lenyewe, kwa mihimili ya mshazari. Nani aliyefundishwa mshazari ukumbini? Inueni mikono. Haya, mmeona wenyewe.

Najua kuna anayesema moyoni, "Huyu anapinga vyeti." Sipingi. Fundi ajisajili na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na cheti akitunze. Na anayekwenda kufanya kazi ya vyuma na kreni, kama zile za bandarini, mafunzo yale ya ukumbini yanamhusu. Lakini nguo ya harusi huvai kwenda kuvua samaki.

Mwingine atasema, babu zetu walijenga majumba haya bila mafunzo. Wallahi hili huniudhi! Babu zetu walifunzwa kuliko sisi. Kijana alikaa chini ya fundi wake miaka, akichanganya chokaa na kubeba mawe, kabla ya kuachiwa ukuta. Leo kibarua anachukuliwa mlangoni saa moja asubuhi, saa nne yuko juu. Nani kamfunza?

Kwa hiyo mkufunzi akija na bei yake, mpandishe jukwaani kwanza. Akuoneshe kilichoharibika. Akikuambia jukwaa ataliona baadaye, tuanze na picha, mwache aende zake. Akubali kufundisha pale pale kazini, kwa Kiswahili, na kumpima mtu kwa kumwambia "funga fundo hili nikuone", kwa sababu wapo mafundi hodari wasioandika.

Naambiwa adhana imekaribia, na nilikuwa na mengine. Chokaa ikizimwa huchemka, ikiingia jichoni ni maji safi mengi, dakika ishirini, papo hapo, ndipo hospitali. Mafunzo yasiyouliza maji yako wapi hayajakamilika. Shimo la choo: mwenzako akianguka ndani, usimfuate, hewa iliyomwangusha itakuangusha na wewe. Mitaro kwenye mchanga wetu nayo huporomoka, na mita moja ya ujazo ya mchanga ni kama tani moja na nusu; ningeieleza lakini muda hautoshi.

Nyinyi vibarua, lenu ni kifungu cha 14 cha sheria ile ile. Ukiona hatari kubwa, mwambie nyapara, na hadi itakapoondolewa mwajiri haruhusiwi kukulazimisha urudi pale. Mafunzo yoyote yasiyokuambia hayo yamekunyima haki yako.

Kesho saa mbili, Inshallah, nitakuwa chini ya lile jukwaa jipya huku Langoni. Anayetaka kujifunza mshazari aje na kamba yake. Naona mkono kule nyuma. Karibu, fundi, uliza.