Utambi, Waya na Ufunguo: Maongezi ya Kabla ya Tarehe 5 Novemba

Asalaam aleikum, na wale wa Bwana Asifiwe, Bwana Asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie fataki. Vijana wa Bongo naona mmeshaanza kucheka huko nyuma. Jamani, simsemi yule Fataki wa matangazo ya redio, baba mzima anayenyemelea watoto wa shule. Nasema fashifashi, hizi za kuruka na kupasuka angani.

Mimi ni fundi umeme. Kazi nilianzia Tanga, na hapa Leicester, Uingereza, ndipo ninapoendelea nayo. Kila Novemba majirani wananiita niwawashie fataki zao kwa waya, maana wanaamini mtu anayefunga soketi anajua kila chenye nyaya mbili. Mwaka wa kwanza nilikubali bila kuuliza. Kilichonipata nitawaambia, ila kwanza tumkumbuke mwenye shughuli, yule ambaye njama yake iliyoshindwa ndiyo Waingereza wanaikumbuka kwa fataki kila tarehe 5 Novemba.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba 1605, Guy Fawkes alikamatwa chini ya jengo la Bunge, London, analinda mapipa 36 ya baruti. Alipopekuliwa alikutwa na tambi za kuwashia. Tuache siasa zake, tumtazame kifundi. Anayewasha utambi hana budi kusimama palepale penye baruti, halafu amwombe Mungu utambi umpe nafasi ya kuondoka. Ukiwa mrefu, atatokea mtu auone. Ukiwa mfupi, mnaondoka wote. Na utambi ukishapata unyevu haueleweki: unasinzia, unadhani umezima, unarudi kuuchungulia. Huyo baba tunayemwona bustanini kila mwaka, kainamia boksi la fataki na kiberiti mkononi, yuko palepale alipokuwa Fawkes.

Dawa ilitoka kwenye kazi ya kupasua miamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 kule Philadelphia, Marekani, mkemia Robert Hare alionyesha kwamba waya mwembamba ukipitishiwa umeme wa betri unaiva hadi kuwasha baruti, na mwenye betri amesimama mbali kabisa. Wazo ni hilohilo mpaka leo.

Viwashio vya wataalamu, wale wanaofyatua fataki za miji, ni vidogo kama njiti ya kiberiti. Nyaya mbili, nchani kuna uzi wa nikromu, waya wa kukanza, mwembamba kama unywele, na juu yake tone la kemikali. Ukinzani wake, yaani jinsi unavyouzuia umeme, ni kama omu moja na nusu. Ukipitisha ampea moja, kimeshawaka kabla hujapepesa jicho. Ile kemikali nayo ni baruti ya aina yake, kwa hiyo tuwaachie waliosomea. Sisi wa bustanini tuna kibanio. Ni plastiki kama kibanio cha nguo, ndani kina waya wa kukanza tu. Unaubana utambi wa fataki, unaondoka, unabonyeza ukiwa mbali. Waya unaiva, utambi unashika, kisha unaungua mwendo wake uleule wa kiwandani. Fataki yenyewe hufungui, hukati, huchomeki kitu ndani. Na iwe fataki ambayo maelezo yake yanaruhusu kuwashwa hivyo.

Sasa aibu yangu. Fundi umeme ana maradhi yake: haamini waya mpaka aupime kwa taa. Kule Tanga nilikuwa na balbu ya indiketa ya gari, wati 21, nimeiunga nyaya mbili. Unagusa hapa, unagusa pale, ikiwaka basi njia ni nzima. Jioni ile nimeshabana kibanio kwenye utambi, nikachuchumaa pembeni ya boksi na betri yangu na balbu yangu, nihakikishe. Balbu ikawaka kwa unyonge. Nikafurahi. Kisha nikasikia sssss.

Nilikimbia na balbu mkononi. Mke wangu anasema hakujua kama bado nina mbio zile. (Watu wanacheka.) Chekeni, lakini fanyeni hesabu. Balbu ile kwenye volti 12, ikiwa njia moja na kibanio, inapitisha karibu ampea moja na nusu. Nilijidai napima, kumbe nafyatua. Vipimo vya kazi hii hupitisha umeme mdogo sana, chini kabisa ya ampea moja, ili waya usijue hata kama umeguswa. Tena hupimi ukiwa kwenye fataki. Unapima ukiwa kwenye swichi, watu wote wakiwa wameshaondoka kule.

Kuna jirani aliniuliza, kwa nini tusiunge zote sirisi, yaani zifuatane kwenye njia moja ya umeme, tubonyeze mara moja? Haya, chukulia kibanio kina omu mbili. Vitano ni omu kumi. Waya mrefu wa kwenda na kurudi, ongeza moja. Volti 12 gawanya kwa 11, unapata ampea 1.1 hivi. Vibanio vinapata joto la kuvizia tu, hakuna kinachoiva vizuri. Kimoja kikitangulia, uzi wake ukakatika, njia nzima imekufa. Vinne vimebaki nusu, na hujui ni utambi upi umepata moto na upi haukupata. Halafu ataondoka mtu kwenda kuangalia. Mimi kila fataki naipa njia yake na swichi yake.

Kuhusu huyo anayekwenda kuangalia, watu wa maroketi ya kuchezea kule Marekani wanatushinda kwa nidhamu. Kanuni zao zinataka roketi iwashwe kwa umeme tu, swichi iwe ya kujirudisha yenyewe ukiiachia, na pawe na ufunguo wa usalama kwenye njia hiyohiyo ya umeme. Roketi ikigoma, unachomoa ufunguo kwanza, unasubiri sekunde 60, ndipo mtu asogee. Fataki mpeni muda mrefu zaidi, kama lebo inavyosema, kisha ndoo ya maji. Utambi unaosinzia hauoni haya kuamka.

Msidhani waya haukosei. Tarehe 4 Julai 2012, San Diego, fataki za mji zilipangwa kwenye matishari baharini, maelfu kwa maelfu, amri zote zikitoka kwenye kompyuta. Faili la amri likawa na hitilafu. Onyesho la zaidi ya robo saa likalipuka lote katika sekunde chache, anga nzima nyeupe. Wengi wanalisimulia kama kichekesho. Mimi nalipenda kwa sababu nyingine: hakuna aliyeumia. Umeme ulikosea kadiri ulivyoweza, na watu walikuwa mbali.

Kwa hiyo mita zenu zihesabiwe kwa hatua, sio kwa macho. Fataki za bustani ndogo lebo husema mita 8, zile kubwa nyingi za hapa Uingereza husema 25. Bustani zetu nyingi hapa hazina hizo 25, na waya mrefu hauiongezi bustani. Mwisho wa kuwasha ni saa tano usiku, tarehe 5 Novemba saa sita, Diwali na Mwaka Mpya saa saba. Hilo la Diwali halihitaji maelezo Leicester hii, maana majirani zetu Wahindi wa Belgrave Road, waliofukuzwa na Amin Uganda mwaka 1972, baadhi yao Kiswahili chao kinatushinda. Barabarani hairuhusiwi, na chini ya miaka 18 usinunue.

Ufunguo wa usalama wa boksi langu la swichi huu hapa. Nimeufunga pamoja na funguo za nyumba na gari, shada moja, ili nisiweze kuusahau kwenye boksi nikaenda kuinamia fataki. Usumbufu wake ni mkubwa. Mwaka jana mke wangu alikaa nje kwenye baridi dakika kumi akinisubiri nimalize, maana mlango umefungwa na funguo ziko kwenye boksi.

Nimeleta vibanio vinne na vipande vya uzi wa pamba, baruti hata chembe hamna. Twendeni pale kwenye maegesho muone waya unavyoiva. Mimi nitabana uzi. Mama Saida, shika wewe funguo, na usinipe mpaka nirudi hapa uliposimama.