Breki mbili za seli: zionyeshe kwa maharagi na vizibo

Jamboni, ndugu zangu. Niko uani kwetu Goma, na leo tunaijenga seli hapa chini. Tafuta maharagi kikombe kimoja, vizibo viwili vya chupa, chumvi, kaa la kuchorea, bukari (ugali) kidogo iliyobaki jana, na kijiwe cha volkeno, ambacho mtu wa Goma hakikosi.

Chora mduara. Ndio mzunguko wa seli: inakua, inanakili DNA, inajikagua, inagawanyika. Weka kijiwe pale kukua kunapoishia. Hiyo ni barieri, kizuizi cha njiani.

Andika RB kwenye kizibo cha kwanza, ufunike nacho haragi moja. RB ni protini, ndiyo breki ya kwanza. Haragi ni E2F, protini inayowasha jeni za kunakili DNA. Tazameni kwa karibu: limebanwa, halitoki. Ishara ya kukua ikifika, vimeng'enya viitwavyo CDK vinaibandika RB fosfeti, alama ndogo za kikemikali. Nyunyiza chumvi juu ya kizibo, punje kwa punje, halafu kiinue upande mmoja. Haragi linateleza nje, seli inavuka barieri. Tafadhali usiharakishe hapa. Mwenye chukudu, kile kibaiskeli chetu cha mbao cha kubebea mizigo, akishuka na mzigo wa viazi hulegeza breki, kisha huikanyaga tena. RB nayo hulegezwa hivyo, haivunjwi.

Kizibo cha pili ni breki ya pili: p53, protini iliyogunduliwa mwaka 1979. Pasua haragi moja: DNA imeharibika. Sukuma kizibo mbele yake. p53 inawasha protini nyingine, p21, na p21 inazifunga CDK, seli inasimama itengenezwe. Uharibifu ukizidi, p53 inaiamuru ijiue. Litoe haragi hilo kwenye mduara.

Sasa leta kirusi cha HPV, yaani kirusi cha papiloma cha binadamu. Aina ya 16 na ya 18 peke yake zinasababisha takriban asilimia 70 ya kansa za mlango wa kizazi. Finyanga mabonge mawili ya bukari. Ni protini mbili za kirusi hicho. La kwanza ni E7: libandike kwenye RB, uvute. Kizibo kimeng'oka, na hakuna hata punje moja ya chumvi juu yake! La pili ni E6: inaitia p53 alama ya ubikwitini, yaani alama ya kusagwa, na seli yenyewe inaisaga protini yake. Kiweke kizibo pembeni. Jeni ya p53 mara nyingi bado ni nzima kwenye kromosomu ya 17. Kinachokosekana ni protini.

Anza kuzidisha maharagi: 1, 2, 4, 8. Baada ya mizunguko 10 ni 1,024, pamoja na yale yaliyopasuka.

Mama yangu mdogo alifika hospitalini damu ikiwa imeshaanza kutoka, kwa hiyo hili nalisema polepole. Mara nyingi mwili hukifukuza kirusi chenyewe ndani ya miaka miwili hivi. Kikibaki, kansa huchukua miaka 15 hadi 20 kujijenga. Katika muda huo wote, mhudumu akipaka siki ya asilimia 3 hadi 5 kwenye mlango wa kizazi, sehemu iliyobadilika hugeuka nyeupe ndani ya dakika moja, na inaweza kutibiwa kabla haijawa kansa.

Hatua ya mwisho. Seli za HeLa ni seli za kansa ya mlango wa kizazi zilizochukuliwa kutoka kwa mgonjwa Henrietta Lacks kule Marekani mwaka 1951, zikaendelea kukuzwa maabara; zina HPV ya 18. Watafiti walipozima E6 na E7 ndani yake, p53 na RB zilirudi kazini, na seli zikaacha kugawanyika, baada ya miongo yote hiyo. Bandua bukari kwenye kizibo, kifute vizuri, kirudishe juu ya haragi.