Msalaba ulioangushwa na bakuli lililopinduliwa

Ndugu zangu asanteni kwa kuja, naombeni nianzie kilimani. Jimbo la Chin, magharibi mwa Myanmar, ni milima kwa milima na watu wake wengi ni Wabaptisti, walikuwa wanasimamisha misalaba mikubwa juu huko unaiona toka mbali. Jeshi likaja likaiangusha, kuna vijiji waliambiwa waibomoe wenyewe, halafu wakabebeshwa mawe na mchanga kujenga pagoda, yaani hekalu la Kibudha, bure, bila hata senti. Hebu fikiria unabomoa msalaba uliousimamisha wewe na baba yako.

Tukisikia Myanmar wengi tunawakumbuka Warohingya, wale Waislamu wa huko, na ni haki kabisa, zaidi ya watu 700,000 walikimbilia Bangladesh kuanzia Agosti 2017, na aliyeipeleka Myanmar kwenye mahakama ya kimataifa ya The Hague, Uholanzi, mwaka 2019 ni Gambia, nchi ndogo ya Afrika, hilo mimi huwa linanipa moyo sana. Ila haya mambo ni ya zamani. Mwaka 1961 waziri mkuu U Nu, raia tu sio mwanajeshi, aliufanya Ubudha dini ya taifa, mwaka uliofuata Jenerali Ne Win akapindua serikali, sheria ya uraia ya 1982 ikawaacha Warohingya nje. Baada ya jeshi kuua waandamanaji mwaka 1988 majenerali hawakuwa tena na sura mbele ya wananchi, wakakimbilia pagoda, ukiwasha TV ya taifa unamkuta jenerali kapiga magoti anamkabidhi mtawa wa Kibudha sadaka. Katiba yao ya 2008, kifungu cha 361, inaupa Ubudha nafasi ya pekee, Ukristo na Uislamu kifungu cha 362 kinasema vipo. Vipo, basi.

Sasa mtu wa kawaida hasomi katiba, yeye yanamkuta kwenye kitambulisho, maana dini na kabila vimeandikwa mle. Ukiomba kibali cha kanisa au msikiti miaka inapita, mkisali sebuleni kwa mtu mnaambiwa hii sio nyumba ya ibada.

Na wanaosema Ubudha ndio mbaya, jamani, kumbukeni Septemba 2007, watawa walipoandamana kuupinga utawala wa jeshi. Mbudha anapata thawabu kwa kumlisha mtawa, kwahiyo watawa walipopindua mabakuli yao ya kupokelea sadaka wakakataa sadaka ya wanajeshi na familia zao, walikuwa wamewafungia mlango wa thawabu. Jeshi likavamia nyumba za watawa usiku, likawapiga, likawabeba kwenye malori. Dini ile ile iliyoandikwa kwenye katiba!

Mapinduzi ya kijeshi ya 2021 yakarudisha yale yale. Septemba ya mwaka huo jeshi lilichoma nyumba mji wa Thantlang, huko huko Chin, mchungaji mmoja Mbaptisti akatoka kwenda kusaidia kuzima moto akapigwa risasi, akafa. Agosti 2023 Min Aung Hlaing, jenerali aliyeongoza mapinduzi hayo, akazindua kwenye mji mkuu Naypyidaw sanamu kubwa mno ya Budha, ya marumaru, na watu wa Thantlang wakati huo walikuwa wametawanyika, wengi wamevuka mpaka wapo Mizoram, India.