Prosesa ya kawaida au ya wekistesheni? Angalia kwanza kazi yako inasubiri nini

Haya jamani tuanze, walioko nyuma sogeeni mbele, viti bado vipo. Leo tunaongelea kitu kinachowasumbua watu wengi wanaotaka kuunda kompyuta ya kazi: unachukua prosesa ya kawaida ya mezani, hizi Ryzen 9 za AMD na Core Ultra 9 za Intel, au unapanda mpaka kwenye za wekistesheni (mashine za kazi nzito), yaani Threadripper ya AMD na Xeon W ya Intel. Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane. Wengi wanaopanda huko juu wanafuata idadi ya kori, yaani vichwa vya kazi ndani ya prosesa, na kwa watu wengi kori ndio sababu dhaifu kuliko zote, sababu nzito ni RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) na leni za PCIe (njia za data za kuunganisha GPU, yaani kadi ya grafiki, na SSD). Na wapo watu ambao wakinunua hiyo prosesa kubwa kazi yao itaenda taratibu kuliko walivyokuwa mwanzo, na hili linaniuma kweli maana hiyo ni hela ya mtu aliyoihangaikia.

Kwanza tuelewe ushauri wa zamani ulitoka wapi. Mwaka 2017 AMD walipotoa Threadripper ya kwanza, ile 1950X ilikuwa na kori 16, wakati Ryzen ya kawaida ya mwaka huohuo iliishia kori 8. Kwa hiyo ukitaka kori nyingi ulikuwa huna ujanja, unapanda tu. Halafu mwishoni mwa 2019 ikaja Ryzen 9 3950X, kori 16 kwenye mazabodi ileile ya soketi ya AM4 ambayo watu walikuwa nayo nyumbani, na mwezi huohuo Intel wakatoa Core i9-10980XE ya kori 18 ambayo ndio ikawa ya mwisho kwenye familia yake. Pale ndipo sababu ya kori ilipoanza kufa. AMD wenyewe kwenye kizazi cha Threadripper 5000, mwaka 2022, walitoa zile za PRO tu, za kampuni kubwa, na zisizo PRO zikarudi 2023 na kizazi cha 7000. Sasa mtu anasoma ushauri wa 2018 halafu anaenda kununua nao leo, unaona tatizo.

Twende kwenye kasi sasa. Ryzen 9 9950X ina kori 16, thredi 32 (kila kori inashika kazi mbili kwa wakati mmoja), na kori moja ikifanya kazi peke yake inafika 5.7 GHz. Threadripper PRO 7995WX ina kori 96, kasi yake ya msingi ni 2.5 GHz na ikijitahidi inafika 5.1. Kwa hiyo kazi yoyote inayotumia kori moja au mbili, kuchora kwenye AutoCAD, kujenga modeli kwenye SolidWorks, plagini nyingi za zamani, programu yenyewe kufunguka, hapo prosesa ndogo inashinda na haishindi kwa bahati, inashinda kila siku, na hizo ndizo dakika ambazo wewe mwenyewe umekaa mbele ya skrini unasubiri.

Na hata kazi inayogawanyika kwenye kori nyingi ina sehemu isiyogawanyika. Gene Amdahl, injinia wa IBM, alilieleza jambo hili mwaka 1967 na hesabu yake haijabadilika. Chukua kazi ambayo asilimia 90 yake inagawanyika na asilimia 10 lazima ifanywe na kori moja. Ukiwa na kori 16 unapata kasi mara 6.4 ya kori moja. Ukiweka kori 64 unapata mara 8.8 hivi. Umeongeza kori mara nne, umepata ongezeko la kama theluthi moja, na hata ukileta kori elfu hutavuka mara 10. Ila kazi ikiwa inagawanyika kwa asilimia 99 hadithi ni nyingine kabisa, kori 16 zinakupa mara 14, kori 64 zinakupa mara 39. Kwa hiyo mtu anayekompaili (kugeuza msimbo kuwa programu) mradi mkubwa kama Chromium kuanzia sifuri, au anayerenda picha kwa prosesa fremu baada ya fremu usiku kucha, huyo kori zinamlipa, simkatazi. Swali ni kama kazi yako iko kwenye 90 au kwenye 99, na hilo hulijui kwa kubahatisha.

Naona mkono pale. Kaka anauliza, yeye Windows yake kwenye mashine ya kori 64 ilikuwa inaonyesha nusu ya prosesa imelala, ni ubovu? Hapana kaka, siyo ubovu wa prosesa. Windows inapanga thredi kwenye makundi ya 64, na kori 64 za Threadripper ni thredi 128, kwa hiyo unapata makundi mawili. Programu ambayo haikuandikwa kwa kuzingatia hayo makundi ilikuwa inakaa kwenye kundi moja tu. Kuanzia Windows 11 mfumo wenyewe unairuhusu programu kusambaa kwenye makundi yote, lakini programu za zamani zinazohesabu thredi zenyewe bado zinaweza kukwama kwenye 64. Kabla hujanunua, uliza programu yako inafanyaje juu ya 64, siyo swali la kuona aibu kuwauliza watengenezaji.

Sasa tuje kwenye RAM, hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Prosesa ya kawaida ina chaneli mbili za RAM, yaani njia za data kati yake na RAM. Ukiweka RAM ya DDR5-5600 (5600 ndio kasi yake) unapata kama GB 89.6 kwa sekunde, hesabu ni 5600 mara baiti 8 mara chaneli 2. Threadripper ya 7000 isiyo PRO ina chaneli nne, kwa DDR5-5200 ni GB 166.4. Ile ya PRO ina chaneli nane, GB 332.8, na Xeon W-3400 nazo zina nane. Hii ndio tofauti ya kweli kati ya hizi familia. Kazi kama simulesheni ya mtiririko wa hewa na maji, mahesabu makubwa ya hali ya hewa, au kuendesha modeli kubwa za lugha kwa prosesa bila GPU, zote kori zinakaa tu zinasubiri data kutoka kwenye RAM. Mfano mwepesi: modeli ya lugha yenye ukubwa wa GB 40, ya aina ile inayotumia uzito wake wote kila mara, ili itoe tokeni moja (neno au kipande cha neno) inabidi isome GB zote 40. Gawanya 89.6 kwa 40, unapata tokeni mbili na kidogo kwa sekunde, hapo hujavuka hata ukiwa na prosesa ya miujiza. Gawanya 332.8 kwa 40, unapata 8 hivi. Kori hazijaingia kwenye hiyo hesabu hata kidogo.

Na hapa kuna mtego ambao watu hawauoni. 9950X inagawa zile GB 89.6 kwa kori 16, kila kori inapata 5.6. Threadripper 7980X inagawa 166.4 kwa kori 64, kila kori inapata 2.6. Umenunua mashine kubwa halafu kila kori yako ina njaa kuliko ile ya prosesa ndogo! Kwa kazi inayokula RAM hizo kori 64 nyingi zitakuwa za kutazama tu. Na upande wa pili pia upo mtego, mtu anasema basi nachukua PRO yenye kori 12 au 16 ili nipate chaneli nane kwa bei nafuu kidogo, kumbe hizo zina vipande viwili tu vya kori ndani yake, na njia ya kutoka kila kipande kwenda kwenye RAM ina kikomo chake, kwa hiyo chaneli nane zipo kwenye mazabodi lakini huzivuti zote. Ukitaka chaneli nane zifanye kazi anzia kori 24 kwenda juu.

Ukubwa wa RAM nao. Mazabodi ya kawaida ina sloti nne, zamani kikomo kilikuwa GB 192 na sasa ukipata vijiti vya GB 64 unafika 256. Lakini ukijaza sloti zote nne kwenye AM5 (soketi ya Ryzen za sasa), kasi rasmi ya AMD inashuka mpaka DDR5-3600, yaani kutoka GB 89.6 kwa sekunde unarudi 57.6. Watu wengi wanajaza sloti nne, wanashangaa mashine imekuwa nzito au haiwaki vizuri, wanalaumu vijiti. Kama kazi yako inataka GB 300, 500, terabaiti nzima, hapo hakuna mjadala, nenda wekistesheni, PRO inabeba mpaka TB 2 na inatumia RAM za ECC (zinazogundua na kurekebisha makosa yake) zenye rejista ambazo zimetengenezwa kwa ajili hiyo.

Kuhusu ECC kwa kifupi, maana tukilifungua hili hatutoki. RAM inakosea, ni kitu kinachotokea. Utafiti wa seva za Google uliotoka 2009 ulikuta zaidi ya asilimia 8 ya vijiti vinapata angalau kosa moja kwa mwaka. DDR5 ina marekebisho ndani ya chipu yenyewe lakini hayo hayalindi data ikiwa njiani kwenda kwenye prosesa, msiuziwe kama ECC kamili. Ila si lazima upande wekistesheni kwa sababu ya ECC peke yake, Ryzen nyingi za mezani zinaikubali kama mazabodi inaikubali, na upande wa Intel kuna mazabodi za chipseti (chipu ya mazabodi inayounganisha vifaa vingine) ya W680, au W880 kwa Core Ultra. Mtu anayehifadhi data za utafiti kwa miaka anaihitaji, mimi kwenye mashine ya data za watu siwezi kukaa bila ECC.

Leni sasa. 9950X ina leni 28 za PCIe, 4 zinaenda kwenye chipseti, zinabaki 24: 16 za GPU na 8 za SSD mbili. Vingine vingi, SSD ya tatu, kadi ya mtandao, USB nyingi, vinapita kwenye ule mlango mmoja wa chipseti wenye kama GB 8 kwa sekunde, vikifanya kazi pamoja vinagombania. Ukiweka GPU mbili zinagawana, nane kwa nane, na kwa kurenda hilo siyo janga, utapoteza kidogo sana. Ya tatu na ya nne ndio hazina pa kukaa. Threadripper PRO ina leni 128, unapanga GPU nne kila moja na leni zake 16 na bado SSD zinabaki na nafasi. Kwa hiyo mtu wa GPU nyingi, kadi za kunasa video, hifadhi kubwa ya SSD, huyo anapanda hata kama prosesa yenyewe haitumii zaidi ya asilimia 20.

Dada anauliza kuhusu kuediti video. Swali zuri, maana wengi humu mnafanya hiyo kazi. Hapo mara nyingi nasema chukua Intel ya kawaida na hela iliyobaki weka kwenye GPU na SSD. Ndani ya prosesa nyingi za mezani za Intel, ukiacha zile zenye herufi F, kuna grafiki zenye Quick Sync inayofungua faili za H.265 za 4:2:2 (video zinazohifadhi rangi kwa undani zaidi) ambazo kamera nyingi sasa hivi zinatoa, Threadripper haina grafiki ndani kabisa, na kadi za NVIDIA zilianza kufungua 4:2:2 kwenye kizazi cha RTX 50 tu. Nimeona mtu ana kori 32 taimlaini inakwamakwama, pembeni yake mwenzake ana mashine ya kawaida inateleza. Unaumia kuangalia.

Sasa utajuaje wewe uko wapi? Tumia mashine uliyonayo leo. Chukua kazi yako halisi, siyo benchimaki ya mtu, iendeshe kwa kori 4, halafu 8, halafu zote, Linux kuna amri ya taskset, Windows unaichagulia programu kori zake kwenye Task Manager. Andika muda. Kama kutoka 4 kwenda 8 muda umekaribia nusu, na kutoka 8 kwenda 16 umekaribia nusu tena, kori zinakulipa. Kama imegoma mapema, usiongeze kori. Halafu ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi), zima ile profaili ya EXPO au XMP inayoipa RAM kasi ya juu, RAM ishuke tuseme kutoka 6000 mpaka 4800, hiyo ni asilimia 20 imeondoka, rudia kazi. Kama nayo imepungua kasi karibu na asilimia 20, wewe shida yako ni chaneli. Kama haijatikisika, chaneli nane hazitakusaidia chochote. Jioni moja inatosha kwa hayo yote.

La mwisho, naona karatasi imeletwa hapa: mtu anasema amejipima, kori zinamlipa kidogo, RAM GB 128 inamtosha kwa shida, GPU anazo mbili, achukue 9950X au Threadripper ya kori 24? Ndugu yangu, kwa hali hiyo mimi nakuuliza miaka miwili ijayo kazi inakua upande gani. Kama data inakua, chukua ya kori 24, siyo kwa ajili ya zile kori 8 za ziada bali kwa chaneli nne na GPU ya tatu, na jiandae, ni wati 350, pawa saplai na kipoozeo vya kwake, na ukiiwasha mara ya kwanza inaweza kukaa dakika kadhaa skrini nyeusi inapima RAM, usiizime. Kama data haikui, 9950X na vijiti viwili vya GB 64 badala ya vinne, kasi ya RAM ibaki juu, na hiyo hela nyingine ibaki mfukoni mwako.