Maumivu baada ya upasuaji wa taya: dawa ipi, kiasi gani, saa ngapi

Wauguzi na matabibu wenzangu, tuanze na saa kabla ya dawa. Ganzi ya lidokaini yenye adrenalini hudumu mdomoni saa 3 hadi 5. Ya bupivakaini yaweza kufika 8 au kuzidi. Ikishaisha, maumivu hupanda kwa kasi, na siku ya kwanza ndiyo yenye makali zaidi. Basi damu ikishatulia, dozi ya kwanza imezwe ganzi ikiwa bado ipo. Anayesubiri aumwe kwanza atateseka hadi kidonge kianze kazi.

Sasa tulinganishe. Parasetamoli gramu 1 hupunguza maumivu, lakini haigusi uvimbe. Ibuprofeni miligramu 400 huzuia prostaglandini, yaani kemikali za mwili ziletazo maumivu na uvimbe, kwenye jeraha lenyewe, na kwa gego lililotolewa kwa upasuaji huishinda parasetamoli. Zikitolewa pamoja, nafuu huzidi ya kila moja peke yake, maana kila moja ina njia yake. Mseto ninaousimamia ni huu: parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8, tumboni mkiwa na chakula. Siku 3 za mwanzo zinywewe kwa saa, mgonjwa aumwe asiumwe. Hizo ni dozi za mtu mzima wa kilo 50 au zaidi, mwenye ini na figo zima.

Wengi huamini kodeini, dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, ina nguvu zaidi. Sivyo. Kodeini lazima ini liigeuze kuwa mofini, na miili haifanani: kuna asiyeweza, akaambulia kichefuchefu na choo kigumu tu, na kuna anayeigeuza upesi mno hadi pumzi ikafifia. Mtoto wa chini ya miaka 12 asipewe, wala mama anayenyonyesha. Dawa za jamii hiyo, tramadoli ikiwemo, ziwe akiba ya upasuaji mkubwa, kwa siku chache.

Mgonjwa aliyefungwa taya kwa waya anataka uangalifu wa pekee. Akitapika, matapishi yaweza kuingia njia ya hewa. Hiyo ni sababu nyingine ya kuogopa kodeini. Koleo la kukatia waya likae kando ya kitanda, na afundishwe kuinamia mbele. Vidonge havipiti, hivyo hunywa dawa ya maji, na hapa ndipo hesabu hukosewa sana. Ibuprofeni ya miligramu 100 kwa mililita 5: anahitaji mililita 20. Parasetamoli ya 250 kwa mililita 5: mililita 20 pia, lakini ile ya 120 ni karibu mililita 42. Mtu mzima hupimiwa kijiko cha mtoto, kisha dawa hulaumiwa kwamba ni dhaifu.

Ibuprofeni asipewe mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na aspirini, ujauzito mkubwa, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Aspirini yenyewe isitumike kutuliza maumivu haya. Huchochea kutoka damu. Ulizeni pia kuhusu dawa za mafua, kwani nyingi zina parasetamoli ndani yake.

Maumivu yakipungua, kisha yakarudi kwa nguvu siku ya 3 au ya 4, yakipanda sikioni, pamoja na harufu mbaya mdomoni, msiongeze dozi. Tazameni tundu la jino: huenda damu iliyoganda imetoka na mfupa umebaki wazi. Hilo husafishwa na kuwekewa dawa humo humo.